Panya, Dawa na Sentensi Ndefu

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo linaloonekana kuwa la maabara tu, ilhali linamgusa mwalimu wa lugha: namna watafiti wanavyopima athari za dawa za saikosisi kwa kumbukumbu tendaji ya panya.

Kumbukumbu tendaji, dhana waliyoifafanua Baddeley na Hitch mwaka 1974, ni uwezo wa kushika taarifa chache akilini kwa muda mfupi huku tukizitumia. Tuchukue sentensi hii: “Vitabu ambavyo mwalimu aliyekuja jana alituletea vimepotea.” Msikilizaji huushika upatanisho wa vi- tangu mwanzo hadi kitenzi cha mwisho, ingawa njiani amekutana na mwalimu na a- yake.

Panya hana sentensi. Yeye huwekwa katika kizimba chenye njia tatu zilizoungana kama herufi Y. Kwa kawaida hupenda kuingia njia ambayo hajaipitia karibuni, na ili afanye hivyo lazima akumbuke alikotoka. Akipita A, B kisha C, huhesabiwa amepatia. Akitoka B na kurudi A, amekosa. Mtego upo: haloperidoli hupunguza mwendo. Kwa hiyo watafiti huhesabu mbali idadi ya safari na mbali asilimia ya zile sahihi, wasije wakauita uzito wa miguu usahaulifu.

Kwa nini panya mwenye afya? Kwa sababu skizofrenia yenyewe hudhoofisha kumbukumbu hii. Kwa mgonjwa, ugonjwa na dawa vimechanganyika. Kwa panya vinatenganishika. Mwaka 2000, Castner, Williams na Goldman-Rakic walionyesha, safari hii kwa kima, kwamba haloperidoli ikitumika muda mrefu hudhoofisha kumbukumbu tendaji, na kwamba kuchochea vipokezi vya dopamini vya aina ya D1 huirejesha.

Hapa Kampala, mwanafunzi anayetibiwa katika Hospitali ya Butabika anaweza kuwa darasani mwetu bila sisi kujua. Matokeo ya kima na panya hayampi mwalimu ruhusa ya kumshauri aache dawa. Saikosisi isiyotibiwa humwondoa darasani kabisa, na kipimo cha dawa ni kazi ya daktari. Kazi yetu ni imla, zoezi tunalolipenda mno na ambalo, tukisema kweli, hupima kumbukumbu tendaji kabla ya kupima tahajia. Tuisome kwa vifungu vifupi, tukirudia kila kifungu, na maelekezo tuyaandike ubaoni.