Rubani wa Mizigo Naye Ana Kikomo

Hapa katika uwanja wa ndege wa Pemba kila mzigo hupandishwa kwenye mizani, na msafiri mwenye kikapu kizito huambiwa apunguze. Hapana anayelalamika, maana kila mtu anafahamu kwamba ndege ina kikomo chake. Lakini ndani ya ndege hiyo yumo kiumbe mwingine mwenye kikomo, na mizani haimpimi. Huyo ni rubani.

Leo tunapenda kuzungumzia saa za kazi za marubani, na hasa wale wa mizigo, kwa kuwa jambo hili ni nadra kutajwa visiwani mwetu. Katika nchi za Ulaya, rubani wa shirika la ndege hawezi kuruka zaidi ya saa 900 katika mwaka mmoja wa kalenda. Marekani kikomo ni saa 1,000. Mwananchi anayeamka alfajiri kwenda shambani atauliza: Je, huyu si mtu wa raha? Sisi wa maofisini hukaa kazini kiasi cha saa elfu mbili kwa mwaka!

Insafu inatudai tujibu. Saa zinazohesabiwa hapo ni zile tu tangu ndege ianze kusogea kwa nia ya kuruka hadi isimame mwisho wa safari. Kusubiri mzigo, kusimamia upakiaji, kutazama hali ya hewa na kujaza makaratasi ni kazi nayo, ila haimo katika hesabu hiyo.

Tena saa si saa. Rubani anayetoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou huwa angani saa kumi hivi, na saa 900 humtimilia kwa safari tisini. Kutoka Unguja hadi Pemba kwa ndege ndogo ni nusu saa. Rubani wa njia yetu akifikia saa hizo hizo, ameruka na kutua mara 1,800. Kuruka na kutua ndiyo sehemu nzito ya kazi yenyewe, tena katika pepo za kusi na mvua za masika. Ndege ya aina ya Caravan inayojulikana sana hapa imeundwa iweze kurushwa na mtu mmoja. Huko Marekani ilianza kubeba vifurushi vya Federal Express tangu miaka ya 1980, na wengi wa marubani wake hukaa peke yao na maboksi nyuma yao.

Watunga kanuni wa Ulaya wameliona hilo. Chini ya kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2016, zamu ya mchana ya rubani mwenye safari moja au mbili inaweza kufika saa 13. Mwenye safari kumi haruhusiwi kupita saa tisa. Huo ndio uadilifu tunaoutaka.

Kwa rubani wa mizigo, hata hivyo, uadilifu huo si wa kila mahali. Kanuni mpya za mapumziko zilipoanza Marekani Januari 2014, marubani wa mizigo waliachwa nje kwa hoja ya gharama. Miezi michache kabla, Agosti 14, 2013, ndege ya mizigo ya UPS ilianguka ikikaribia kutua Birmingham, Alabama, na marubani wote wawili wakafa. Kinasa sauti kilikuwa na mazungumzo yao wenyewe juu ya kanuni za mapumziko, na wachunguzi wakautaja uchovu miongoni mwa mambo yaliyochangia. Boksi halilalamiki, ni kweli. Lakini anayelibeba ana mke na watoto, na chini ya njia yake kuna nyumba za watu.

Sisi wa Pemba hatuhitaji kufundishwa maana ya kikomo kupuuzwa. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea kwetu, imejaa kupita kiasi. Mpaka leo kuna nyumba ambazo hazikuzika mtu wao.

Umri nao ni kikomo. Kimataifa, rubani wa biashara anayerusha ndege peke yake hufikia mwisho akiwa na miaka 60, na wanaorusha wawili hufika 65. Kijana wa Wete au Mkoani atakayeanza kazi akiwa na miaka 25 ana miaka 35 mbele yake. Akichoshwa mapema akashindwa katika uchunguzi wa afya, nchi imepoteza mtu ambaye elimu yake imegharimu fedha nyingi sana.

Usafiri wa anga ni jambo la Muungano. Kwa hiyo tunaiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, pamoja na wanaohusika wa Serikali ya Mapinduzi, isitosheke na jumla ya saa zilizoandikwa katika daftari za marubani wa njia za visiwani. Ihesabu pia idadi ya kutua kwa siku na saa za zamu nzima, na mashirika yatakiwe kuzionyesha. Tunapendekeza ukaguzi wa kwanza ufanywe kabla ya Idi, wakati safari zinapozidi.