Kijiko cha maji ya Bogoria kilivyozua mzozo wa kimataifa

MAJI ya Ziwa Bogoria na Ziwa Nakuru yana magadi mengi kiasi cha kutofaa kunywewa. Hata hivyo, bakteria wamestawi humo, na baadhi yao ndio waliozua mvutano kati ya Kenya na kampuni ya kigeni.

Ili kuwachunguza bakteria, sharti mtaalamu awaoteshe maabarani. Chakula cha kawaida cha kuwaotesha huwa na maji, chumvi, protini iliyovunjwavunjwa na agari, ambayo hutolewa kwenye mwani mwekundu na kukigandisha. Agari iliingia katika maabara ya Robert Koch, Ujerumani, mnamo 1881, kufuatia ushauri wa Fannie Hesse, aliyeijua kutokana na mapishi ya nyumbani.

Chakula hicho huwa na pH ya karibu 7. Bakteria wengi wa Bogoria, waliozoea pH ya takriban 10, hawaoti humo. Ndipo mtaalamu akalazimika kuwaongezea magadi, yaani sodiamu kaboneti.

Kazi hiyo yahitaji hadhari. Magadi na sukari hutiwa joto la nyuzi 121 kila kimoja kivyake, kwa takriban dakika 15, kuua vijidudu vingine, kisha huchanganywa. Vikichemshwa pamoja, sukari huharibika na chakula kugeuka rangi ya kahawia.

Bakteria akishaota, huzaana kwa mamilioni na anaweza kuhifadhiwa kwenye barafu kwa miaka mingi. Anayemmiliki hahitaji tena kurudi ziwani.

Hicho ndicho kiini cha mzozo. Mnamo 2004, Shirika la Huduma za Wanyamapori nchini, KWS, lilidai mgao wa mapato kutoka kwa kampuni ya Genencor ya Marekani, kuhusu kimeng'enya cha kufifisha rangi ya nguo za jinzi kilichotokana na bakteria wa maziwa hayo. KWS ilisema vijidudu vilichukuliwa bila idhini yake, nayo kampuni ikashikilia kuwa haikuvunja sheria.

Mnamo 2006, Kenya ilichapisha kanuni zinazomtaka mtafiti kupata kibali na kukubaliana kuhusu mgao wa faida. Mkataba wa Nagoya, wenye lengo kama hilo, ulianza kutekelezwa ulimwenguni mnamo 2014.

Hivyo basi, makubaliano yapasa kutiwa sahihi kabla ya chupa kujazwa. Ng'ombe akiibwa zizini huonekana hayupo. Kijiko cha maji kikichotwa, ziwa hubaki vile vile.