Anza na Msitu, Ufuo Utafuata

Machi 2024 joto la Juba lilizidi mpaka serikali ikafunga shule nchi nzima, baada ya kutabiriwa kwamba kipimo kingegusa nyuzi 45. Februari 2025 shule zikafungwa tena kwa sababu hiyohiyo. Katika mji wa namna hiyo, mtu aliyejiwekea akiba ya likizo ya wiki moja hahitaji kuelezwa kwa nini anatamani maji ya bahari na kivuli cha msitu kwa mpigo. Makosa huanza kwenye kupanga. Wengi hutangulia na ufuo: wanatafuta hoteli yenye mchanga mweupe, wanalipia, halafu ndipo wanauliza kama kuna msitu wa kwenda kuutazama nusu siku. Huko ni kuvaa shati nyuma mbele. Anayetoka Juba na siku saba tu mkononi achague msitu kwanza, kisha atafute ufuo ulio jirani na msitu huo.

Tuzihesabu siku zenyewe. Juba hadi Nimule ni kilomita 192 za lami. Kutoka hapo basi linapita Gulu, Kampala na Nairobi, na likifika Mombasa limekwisha kula zaidi ya kilomita 1,700. Hata njia ikiwa salama na mpakani pasiwe na foleni (na msafiri wa barabara ya Nimule anajua kwamba hayo mawili hayaahidiwi), safari hiyo humeza siku mbili na ushee kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kwa ndege, Juba hadi Nairobi ni chini ya saa mbili, lakini kuna kungojea ndege ya pili ya Mombasa, Malindi au Zanzibar, na saa ya mkononi nayo husogezwa mbele saa nzima, kwa kuwa Sudan Kusini iliachana na majira ya Nairobi tangu Februari 2021. Basi siku ya kwanza na ya mwisho ni za njiani, hata kwa mwenye fedha. Zinabaki tano. Anayezigawa tano hizo kati ya sokwe wa Bwindi, Uganda, na mawimbi ya Diani, Kenya, amejipangia likizo ya viwanja vya ndege.

Na kwa nini msitu utangulie? Kwa sababu ufuo ni mrefu na msitu ni adimu. Kuanzia Lamu hadi Mtwara mchanga mzuri haukosekani, ila misitu ya pwani, ambayo zamani ilikuwa ukanda kutoka kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, imebaki vipande. Kipande kikubwa kuliko vyote Afrika Mashariki ni Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba zipatazo 420 kati ya Kilifi na Malindi, na mji wa Watamu uko upande wa pili wa barabara kuu. Tena msitu una saa zake. Ufuoni unaweza kufika saa sita mchana na bado ukafaidi. Msituni ukifika saa sita utakuta miti na ukimya. Ndege huimba na kutafuta chakula alfajiri, jua likipanda wananyamaza. Bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi sana urefu wa mkono kutoka kifundo hadi ncha za vidole, hulala mchana kwenye matawi ya chini, rangi yake sawa na majani makavu, na mgeni asiye na kiongozi anaweza kumpita hatua mbili asimwone. Sange wa kiuno cha dhahabu, mnyama wa ukubwa wa sungura mdogo mwenye pua ndefu isiyotulia, hufukua majani yaliyoanguka akitafuta wadudu. Kwanza husikika mchakaricho, kisha kiuno cha manjano kinaruka na kupotea. Haya hayaonekani katika ziara iliyobanwa kati ya chai ya asubuhi na gari la kurudi hotelini. Yanamtaka mtu aliyelala jirani, anayefika mapambazuko, na akikosa leo arudi kesho.

Aliyelala jirani na Arabuko hakuikosa bahari. Hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968, imo miongoni mwa za mwanzo barani Afrika, na matumbawe yake yako karibu na nchi kavu. Kando yake kuna mikoko ya Mida, ambako kiingilio cha daraja la mbao linalopita juu ya matope husaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyouzunguka msitu. Kuna magofu ya Gede, mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17 na kumezwa na miti. Palepale Gede kuna mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambapo wakulima hufuga vipepeo na kuwauza ng'ambo wangali ndani ya maganda yao. Wengi wa wakulima hao kabla ya hapo waliutazama msitu kama shamba walilonyimwa. Yote haya yako katika umbali wa bodaboda.

Zanzibar hoja hii inapata nguvu zaidi, kwa sababu ya maji kupwa na kujaa. Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja, bahari hupwa ikasogea mamia ya mita, na mgeni akalalamika kwamba amelipia bahari akapewa uwanja wa mpira. Hakuuliza mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa alasiri. Wiki ya bamvua hujipanga yenyewe. Asubuhi na mapema uko katika msitu wa Jozani, ulio kwenye njia ya kutoka mjini kwenda Paje, ukimtazama kima punju, asiyeishi porini popote ila katika visiwa hivi, akichuma majani machanga bila kukujali. Saa nne umo kwenye mchanga ulioachwa na maji, akina mama wameinama wanafunga mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti. Alasiri maji yamerudi, unaogelea. Aliyeanza na ufuo angekaa asubuhi nzima akiununia mchanga.

Mjuzi wa misitu atanikatiza: Arabuko-Sokoke ni msitu mkavu kwa sehemu kubwa, na Jozani husimama kwa maji ya ardhini, kwa hiyo hakuna msitu wa mvua hapo. Amesema kweli. Msitu wa mvua hasa ni Kakamega, salio la misitu ya Kongo lililobaki Kenya, au Amani katika Usambara Mashariki, kwenye asili ya lile ua dogo la zambarau ambalo ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao miaka ya 1890 na sasa limejaa madirishani duniani kote. Amani ina sifa nyingine: inaweza kuunganishwa na ufuo wa Pangani bila kutoka mkoa wa Tanga. Mwenye siku kumi aende huko, na atakuwa amefuata kanuni ileile ya msitu kwanza. Ila kutoka Juba kuna ndege mbili au tatu, kisha gari hadi Muheza, kisha barabara ya mlimani ambayo mvua huitawala. Kwa siku tano, mimi nauacha ukungu wa Amani nichukue ukavu wa Arabuko.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mbona mbali hivyo, na Kalangala ipo? Visiwa vya Ssese katika ziwa Victoria ni 84, na kivuko cha kwenda Kalangala hutoka Nakiwogo, Entebbe, kwa mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Mchanga upo, tumbili wapo, na kwa mfuko mwembamba ndilo jibu la haki. Anayekwenda huko ajue tu kwamba sehemu kubwa ya msitu wa kisiwa cha Bugala imegeuzwa mashamba ya michikichi, na kwamba maji ya ziwa yana kichocho. Mzalendo naye atataja Imatong, milima yetu wenyewe ya Ikweta Mashariki, yenye kilele cha Kinyeti cha mita 3,187 na misitu inayonyeshewa kuliko Arabuko yote. Uzuri wake haubishaniwi. Ninachobisha ni kumpeleka mzazi na watoto kutumia wiki yao pekee ya mwaka mahali ambapo njia, malazi na usalama bado ni suala la kubahatisha.

Kuhusu msimu, kiangazi cha Juba huangukia kaskazi ya pwani, Desemba hadi Machi, bahari ikiwa tulivu. Bei za Krismasi hupanda, kwa hiyo anayeweza asubiri katikati ya Januari. Aprili na Mei ni masika, aziache. Kadi ya homa ya manjano itaulizwa kwa anayetoka Sudan Kusini: chanjo ichomwe siku kumi kabla ya safari, na tangu 2016 moja inatosha maisha yote. Dola za matoleo ya zamani zibaki nyumbani, wabadilishaji wengi huzikataa. Mifuko ya plastiki nayo, kwani Kenya na Tanzania zimeipiga marufuku. Na kabla ya kutazama bei ya tiketi, itazamwe kalenda ya mwezi. Atakayefika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama ataanza wiki yake na bamvua na kuimaliza na maji mafu, wakati bahari imejaa asubuhi badala ya alasiri, na siku ya kuondoka atawahi kuogelea kabla gari la uwanja wa ndege halijapiga honi.