Mapambo ya waya

Mapambo ya waya ni vito vya kuvaliwa, kama vile hereni, vidani na bangili, vinavyotengenezwa kwa kukunja, kuzungusha na kugonga waya wa metali, kwa kawaida bila kulehemu. Kila kiungo hushikiliwa na umbo la waya wenyewe. Kwa sababu hiyo pambo huachia mahali pale pale waya ulipokunjwa vibaya.

Historia

Kazi hii ni ya kale. Katika makaburi ya kifalme ya Ur, Mesopotamia, ya miaka 2500 hivi KK, vilipatikana vito vyenye waya wa dhahabu. Baadaye waya ulitengenezwa kwa kuvutwa kupitia matundu ya bamba gumu, ambalo kwa Kiswahili huitwa chamburo. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ya Afrika Mashariki ilipeleka waya wa shaba bara, ukatumika kama bidhaa ya kubadilishana na kufanywa bangili. Kiswahili kimehifadhi maneno ya biashara hiyo: masango ni waya mnene, na udodi ni ule mwembamba.

Waya na vifaa

Anayeanza hufaa kutumia shaba nyekundu, kwa kuwa ni laini na bei yake ni nafuu kuliko fedha. Unene hutajwa kwa milimita au kwa namba. Kwa kipimo cha Marekani namba ikiongezeka waya hupungua unene. Namba 18 ni mm 1.0, namba 20 ni mm 0.8, na namba 24 ni mm 0.5. Mabaki ya waya wa umeme wa nyumbani yanafaa pia, ila plastiki iondolewe kwa kisu. Kuichoma hutoa moshi wenye sumu.

Vifaa ni vitatu tu: plaizi yenye ncha za mviringo, plaizi bapa isiyo na meno, na kikatio. Meno ya plaizi ya fundi umeme huacha alama zisizofutika.

Kwa nini waya hukatika

Shaba ina tabaka za atomu zinazoweza kuteleza moja juu ya nyingine. Ndiyo maana hukunjika. Kila mkunjo huongeza kasoro katika mpangilio huo, mpaka kasoro zenyewe zinazuiana na waya unakakamaa. Ukizidi kukunjwa hapo, hukatika. Anayekunja, kunyoosha na kukunja tena sehemu ileile anaumaliza waya kabla pambo halijavaliwa. Shaba iliyokakamaa hulainishwa kwa kupashwa moto hadi iwe nyekundu hafifu, kisha kutumbukizwa majini. Tofauti na chuma cha pua cha kisu, shaba haiwi ngumu kwa kupozwa ghafla.

Ukakamavu una faida pia: ndoano ya hereni hugongwa taratibu kwa nyundo juu ya chuma ili isinyooke.

Kitanzi

Kitanzi ndicho msingi wa kazi yote. Waya hupitishwa kwenye ushanga, kisha hukunjwa pembe mraba juu yake, na ncha inayobaki huzungushwa kwa plaizi ya mviringo kuelekea upande wa pili. Mkunjo wa kwanza ukiachwa, kitanzi hukaa upande mmoja kama herufi P, na pambo huning'inia likiwa limeinama.

Urefu wa ncha hukokotolewa kwa hesabu ya mzingo. Kitanzi chenye kipenyo cha ndani cha mm 3, kwa waya wa mm 0.8, huhitaji 3.14 × (3 + 0.8), yaani karibu mm 12.

Kitanzi cha kawaida kinaweza kufunguka kikivutwa. Kwa ushanga mzito au kidani hutumika kitanzi cha kufungwa: ncha huachwa ndefu, kama sm 4, na baada ya kufanya kitanzi huzungushwa mara mbili au tatu kwenye shingo yake. Mnyororo huingizwa kabla ya kufunga. Baadaye hauna pa kupitia.

Pete za kuunganishia

Waya huzungushwa kwenye msumari au kijiti, kisha mizunguko hukatwa mmoja mmoja. Pete hufunguliwa kwa kusukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, kama mlango unavyofunguka. Zikivutwa mbali upande kwa upande, pete hupoteza uduara na mwanya haufungiki tena.

Ngozi

Ncha inayoingia sikioni lazima isuguliwe kwa tupa au msasa mpaka iwe laini kabisa. Rangi ya kijani inayobaki mwilini ni chumvi za shaba zilizotokana na jasho, nayo huoshwa kwa sabuni. Mwasho na vipele ni jambo jingine: mara nyingi husababishwa na nikeli iliyomo katika aloi za bei rahisi. Mwenye shida hiyo hufanyiwa ndoano za fedha 925, ambayo ina asilimia 92.5 ya fedha na kwa kawaida iliyobaki ni shaba.