Kabla Hujapanda Basi la Kwenda Kariakoo, Piga Hesabu Hii



Juzi nimetumiwa video ya dada mmoja anapanga bajeti ya safari ya Tokyo, kule Japani. Treni ya kutoka uwanja wa ndege, chumba, chakula cha mchana, hadi chupa ya maji, vyote kaviandika kabla hajafunga begi. Na yeye anaenda kutembea tu!

Nikajicheka mwenyewe. Safari yangu ya kwanza ya Kariakoo nilikuwa nafuata riziki, na bajeti yote ilikuwa kichwani: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, basi. Sikuibiwa, sikutapeliwa, mzigo haukupotea. Lakini mtaji ulipungua. Leo nakuonyesha ulipungukia wapi, ili wewe usipite nilikopita.

NILIUZA ZOTE, HELA IKAPUNGUA

Nauza majaketi ya watoto kwa oda, kupitia stetasi ya WhatsApp na Instagram. Wateja wangu wako Makambako, Njombe mjini, Ilembula na Igwachanya. Huku kwetu ikifika Juni baridi haina utani, kwa hiyo mwezi wa tano nikabeba mtaji wangu wote, 800,000, nikapanda basi Makambako kwenda Dar.

Nikanunua majaketi 36 kwa bei ya jumla, 15,000 kila moja. Hiyo ni 540,000. Nikarudi, nikapiga picha, nikauza 20,000 kila moja. Ndani ya wiki tatu yameisha. Kichwani nikahesabu: faida 5,000 mara 36 ni 180,000. Nikajiona mjanja kweli.

Nikaenda kumsimulia mama mmoja wa kwenye kikoba chetu, anauza duka miaka mingi. Akanisikiliza, kisha akauliza:

"Mwanangu, ulipotoka hapa ulikuwa na shilingi ngapi?"

"Laki nane, mama."

"Na sasa umeuza zote, una shilingi ngapi?"

"Laki saba na ishirini."

"Sasa hiyo faida iko wapi?"

Nilikaa kimya. Nimesafiri, nimelala vibaya, nimehangaika na wateja wiki tatu, nimepata hasara ya 80,000. Na nilikuwa najiandaa kusafiri tena!

HELA ILIKWENDA WAPI?

Nikakaa chini nikaandika kila nilichokumbuka. Ilikuwa hivi:

Nauli kwenda na kurudi: 80,000
Usafiri wa mjini: 14,000
Gesti usiku mbili: 50,000
Chakula na maji: 36,000
Guta na kusafirisha mzigo kwenye basi: 28,000
Makato ya kutoa hela kwenye simu: 12,000
Vitu vyangu binafsi: 40,000

Jumla 260,000. Hizi ni bei za daftari langu, zako zitategemea basi, gesti na siku. Lakini angalia: kichwani nilikuwa na 80,000 tu ya nauli. Hiyo 180,000 nyingine sikuipangia hata shilingi.

Chukua majaketi 36, gawa 800,000 yote niliyotumia. Kila jaketi limenigharimu zaidi kidogo ya 22,200. Mimi nikaliuza 20,000. Yaani kila mteja aliyeniambia "asante kwa bei nzuri" nilikuwa nimemwongezea hela yangu mfukoni.

Somo la kwanza ndiyo hilo: gharama ya safari ni sehemu ya bei ya kununulia. Jaketi halikununuliwa 15,000. Lilinunuliwa 15,000 pamoja na kipande chake cha nauli, gesti, guta na ule wali wa mama ntilie.

VITU VINAVYOSAHAULIKA

1. Ukishuka Magufuli pale Mbezi, hujafika. Kariakoo bado iko mbali, kama kilomita 20. Daladala au mwendokasi ni nafuu, lakini ukishakuwa na viroba viwili utajikuta unaita bajaji au gari. Iandike mapema.

2. Mzigo una nauli yake. Kuna wa kuutoa dukani mpaka unapokusanyia, kuna guta, kuna kuufikisha kwenye basi, na kuna hela ya basi lenyewe. Ukishuka Makambako kuna bodaboda. Mzigo wa majaketi ni mwepesi lakini mkubwa, na ukubwa pia unalipiwa.

3. Makato ya simu. Kutembea na hela taslimu nyingi ni hatari, weka kwenye simu au benki. Lakini usitoe kidogo kidogo kwa mawakala. Uliza duka kama lina lipa namba, na uliza makato ni kiasi gani kabla hujalipa.

4. Vitu vyako. Kariakoo inavutia. Utaona viatu, utaona kava la simu, utakumbuka mdogo wako kaomba zawadi. Jipangie kiasi, kikiisha kimeisha. Mimi 40,000 yangu ilikwenda hivyo na sikuiona ikitoka.

5. Dharura. Basi linaweza kuharibika, duka ulilolifuata linaweza kufungwa. Hii hela inakaa peke yake, hainunui mzigo hata ukutane na bei ya kutupa.

KANUNI YA SHILINGI MIA

Kabla ya kusafiri, andika makadirio ya safari yote. Gawa kwa hela ya mzigo, kisha zidisha kwa 100. Jibu linakwambia kila shilingi 100 ya mzigo inabeba shilingi ngapi za safari.

Safari yangu ya kwanza: 260,000 gawa kwa 540,000, zidisha 100. Inakuja kama 48. Yaani karibu nusu! Hakuna bei ambayo mteja wa Ilembula angekubali ikanilipa.

Kosa halikuwa kwenda Dar. Kosa lilikuwa kwenda na mtaji mdogo halafu safari ikawa kubwa. Nauli ni ileile, ununue majaketi 36 au 100.

SAFARI YA PILI

Sikuondoka mpaka hesabu ikae sawa. Nilikuwa na ile 720,000, nikasubiri zamu yangu ya upatu, 330,000. Jumla 1,050,000, na 30,000 ya dharura pembeni.

Nikaongea na wauzaji wenzangu wawili, mmoja anauza viatu, mwingine pochi. Wakanipa oda zao na kila mmoja akachangia safari 35,000. Kwao ni nafuu kuliko kwenda wenyewe. Tuliandikiana kila kitu: idadi, rangi, bei ya mwisho wanayokubali. Urafiki mzuri ni ule wenye daftari.

Nikapanda basi la usiku, nikafika asubuhi, nikanunua siku nzima, nikalala usiku mmoja tu. Safari yote 175,000. Toa michango 70,000, kwangu ikabaki 105,000. Mzigo wangu 945,000, majaketi 63.

Kanuni ya shilingi mia: kama 11. Kila jaketi lilinigharimu kama 16,700 mpaka nyumbani. Nikauza 20,000 ileile. Baada ya yote nikawa na 1,260,000, faida 210,000 ya kweli, naiona kwa macho. Ile ya dharura nilirudi nayo.

IKIZIDI 15, SISAFIRI

Huu ni mpaka wangu, wewe weka wako kulingana na faida ya bidhaa zako. Ikizidi naagiza kwa duka ninalolijua, wananitumia kwa basi. Kama hujawahi kununua kwao, anza na mzigo mdogo, omba video ya bidhaa yenyewe na usitume mtaji wote kwa mtu uliyemwona mtandaoni tu. Na ukienda au ukiagiza, dai risiti. Mzigo usio na risiti unaweza kukusumbua barabarani, na wewe mwenyewe utasahau ulinunua bei gani.

DAFTARI TU LINATOSHA

Baada ya ile video nikasoma kidogo. Wajapani wana daftari la matumizi linaitwa kakeibo. Mwandishi wa habari mwanamke, Hani Motoko, alilichapisha mwaka 1904 kwa ajili ya matumizi ya nyumbani. Unaandika kilichoingia na kilichotoka, mwisho wa mwezi unajiuliza urekebishe wapi. Zaidi ya miaka 100 sasa na watu bado wanaandika kwa mkono.

Mimi natumia daftari la shule la mistari. Ukurasa wa kushoto makadirio, wa kulia nilichotumia kweli. Naandika nikiwa bado ndani ya basi la kurudi, kabla sijasahau.

Na kabla sijapanga bei kwenye stetasi, najiuliza maswali ya yule mama: nilitoka na shilingi ngapi? Nikiuza zote nitakuwa na shilingi ngapi?

Chukua safari yako ya mwisho, ipigie kanuni ya shilingi mia. Niandikie hapa chini imekuja ngapi. Hata ikiwa 48, usione aibu, mwenzako nimepita huko.