Mja mzito, usipuuze ufizi unaotoka damu

Je, umekuwa ukipiga mswaki asubuhi na kutema mate yenye damu? Usikimbilie kulaumu mswaki. Kwa mja mzito, homoni zinazoongezeka mwilini hufanya fizi zivimbe na kutoka damu upesi, hasa ukoga ukibaki kwenye meno. Dalili huanza mnamo mwezi wa pili na huweza kuzidi hadi mwezi wa nane. Wengi hupata nafuu baada ya kujifungua.

Hatari ni maradhi yanapopenya chini ya ufizi na kuanza kula mfupa unaoshika meno. Mnamo 1996, Steven Offenbacher na wenzake huko North Carolina, Marekani, waliwachunguza akina mama 124 na kuona kwamba waliougua hivyo walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuzaa kabla ya wakati, au kupata mtoto mwenye uzani mdogo. Inadhaniwa kwamba viini vya ufizi huingia katika damu na kuamsha kemikali zile zile zinazoanzisha uchungu wa uzazi.

Lakini asikudanganye mtu kuwa kusafishwa meno kutazuia hayo. Utafiti wa Marekani wa 2006 uliohusisha wanawake 823 ulionyesha kwamba kutibu fizi katikati ya uja uzito hakukumdhuru mama wala mtoto, ila hakukupunguza watoto waliozaliwa mapema. Huenda tiba ilichelewa. Nchini Malawi, wanawake waliotafuna chingamu yenye zailitoli kila siku, tangu kabla ya mimba au mapema katika mimba, walizaa kabla ya wakati mara chache kuliko wenzao: 12.6 kwa kila 100, badala ya 16.5.

Kwa hivyo mwone daktari wa meno ungali unapanga kupata mtoto. Ikiwa tayari una mimba, mweleze ni ya miezi mingapi. Kipindi kizuri ni mwezi wa nne hadi wa sita, ingawa jino linalouma au usaha havingojwi. Sindano ya kawaida ya ganzi haina neno. Usijinunulie tu tetrasaiklini dukani, kwani hutia madoa meno ya mtoto.

Ukitapika asubuhi, sukutua kwa maji, kisha ngoja nusu saa ndipo upige mswaki. Na wale wanaokwambia kila mtoto huondoka na jino la mamake? Wapuuze. Madini ya mifupa ya mtoto hayatoki katika meno yako.

Tumbo likikaza mara kwa mara au maji yakivuja kabla ya wiki 37, hilo si la daktari wa meno. Nenda hospitali mara moja.