Maua ya udongo nyumbani: tuangalie kwanza udongo tunaoshika

Vikundi vyetu huomba mara kwa mara kazi ya mikono ambayo mama anaweza kuifanya jioni pamoja na watoto, bila mashine na bila franka nyingi. Wiki hii tunaleta maua ya kufinyanga: ua linalotengenezwa kwa vidole, petali moja moja, mpaka mgeni anayeingia nyumbani ainame kulinusa. Ni kazi nzuri. Lakini hapa Kolwezi, kabla ya kuanza, kuna swali moja la kujiuliza: udongo wenyewe unatoka wapi?

Kufinyanga si jambo la kigeni kwetu. Ukifuata mto Lualaba kuelekea kaskazini, unafika ziwa Kisale. Pale Sanga, mwaka 1957 na 1958, wataalamu wa mambo ya kale walifukua makaburi ya watu walioishi karibu miaka elfu moja iliyopita. Walikuta vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, pamoja na mapambo ya shaba. Katika makaburi ya watoto walikuta vyungu vidogo. Na katika vijiji vingi mpaka leo, chungu ni kazi ya mwanamke.

Maua nayo tunayo, tena ya pekee. Vilima vyenye shaba, kutoka huku kwetu hadi Tenke na Fungurume, vinajulikana kwa macho: miti mikubwa haioti, kuna nyasi na maua madogo tu. Moja ni lile ambalo wataalamu wa mimea wanaliita Haumaniastrum katangense, ua la shaba, jamaa moja na lumba-lumba yetu ya jikoni. Lingine ni Crotalaria cobalticola, la rangi ya manjano, jamaa ya maharagwe, linaloota penye kobalti. Watafuta madini waliyatumia maua haya kama alama ya kuwaonyesha mahali pa kuchimba. Baadhi ya mimea ya vilima hivi haipatikani popote pengine duniani, na kilima kikichimbwa, maua yake huondoka nacho. Mtoto wa Kolwezi akilifinyanga ua kama hilo, atalijua hata kama kilima chake hakipo tena.

Basi tusikilize ua hilo linasema nini. Linasema: udongo huu una madini. Mchwa pia hupandisha udongo kutoka chini sana, na juu ya kilima cha shaba hupandisha madini pamoja nao. Kwa hiyo kichuguu, ambacho mafundi wa matofali wanakipenda, si salama kila mahali.

Hili si jambo la kutishana bure. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya uchunguzi waliofanya katika mtaa wa Kasulo, hapa mjini, ambapo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Walipima vumbi, damu na mkojo. Wakaaji wa pale walikuwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa mtaa wa jirani usio na machimbo, na tofauti ilionekana zaidi kwa watoto. Sisi wamama tunajua sababu: mtoto hucheza chini, kisha anatia mkono kinywani.

Kwa hiyo tufuate kanuni hizi. Usichukue udongo karibu na machimbo, mahali pa kuoshea madini, penye malundo ya mabaki ya kiwanda, wala kando ya barabara ya malori ya madini. Usisage jiwe la kijani la malakiti wala lile jeusi la kobalti ili upate rangi, hata likiwa zuri namna gani. Vumbi lake linaingia kifuani. Na mama mwenye mimba asionje udongo wa kufinyangia.

Njia rahisi zaidi ni kuacha kabisa udongo wa kuchimba na kutengeneza udongo wa maizena. Kwa petali nyembamba huu ni bora, maana udongo wa chungu usiochomwa huvunjika upesi.

Tafuta kikombe 1 cha maizena, kikombe 1 cha gundi nyeupe ya maseremala, ile tunayoiita kole, vijiko vikubwa 2 vya mafuta ya kupikia na vijiko vikubwa 2 vya maji ya ndimu. Changanya vyote katika sufuria ya zamani ambayo hutapikia tena chakula. Weka juu ya mbabula yenye makala machache, mahali penye hewa, na ukoroge bila kuacha. Mchanganyiko utakuwa mzito, kisha utajikusanya kama bukari na kuachana na sufuria. Hapo ondoa. Ukishapoa kidogo, paka mafuta mikononi na ukande kama unga wa mikate. Ufunge katika plastiki, ulale usiku mmoja. Unafanana na chakula lakini si chakula: uweke mbali na watoto wadogo.

Sasa ua lenyewe. Siri ya ua linalofanana na ua ni kulitazama la kweli kwanza. Leta ua la franjipani, mpe mtoto alifungue, ahesabu petali, azipange juu ya karatasi. Atapata 5, na ataona kwamba kila moja inalalia mwenzake. Kata vipande 5 vya udongo, kila kimoja kama karanga. Viringisha kila kimoja kiwe kama tone la maji, kiweke ndani ya mfuko wa plastiki, kibonyeze kwa kidole. Ukingo uwe mwembamba kuliko katikati. Panga petali zikilaliana, zikunje pamoja kama unavyokunja karatasi, bana upande wa chini, kisha fungua ncha moja moja. Ingiza waya mwembamba uwe kikonyo.

Mkono ukizoea, jaribu lile la manjano la vilimani. Huna haja ya kwenda kwenye kilima: ua la maharagwe bustanini lina umbo hilohilo. Nyuma kuna petali moja kubwa kama bendera, pembeni mabawa mawili, na chini petali mbili zilizoshikana kama mtumbwi. Kwa majani, bonyeza jani la kweli juu ya udongo na mishipa yake itabaki.

Kausha ndani ya nyumba, kivulini, siku 3 hivi, ukifunika kwa kitambaa chepesi. Ukianika juani, petali zitapasuka. Ua litapungua kidogo likikauka, basi lianze likiwa kubwa kuliko unavyotaka. Kisha paka rangi ya maji ya masomo, kidogo kidogo, na katikati pawe na rangi nzito kuliko ukingo. Maua haya hayapendi mvua: ni ya mezani, ya ukumbi wa ndoa, ya zawadi, si ya kuweka nje kaburini.

Kama mwalimu naongeza neno moja. Mtoto anayeingia mwaka wa kwanza mara nyingi hushika kalamu kwa shida kwa sababu vidole vyake havijapata kazi. Kubana petali ndogo kunavipa vidole hivyo nguvu na utulivu. Na wakati mnafinyanga, mweleze ua hili linaota wapi, na kwa nini asichezee udongo wa pale.

Vikundi vinavyotaka kuanza vinaweza kupika sufuria moja kwa pamoja. Kwa wamama watano au sita, franka za kila mmoja zitakuwa chache. Kila mama alete ua moja la kweli kutoka kwenye uwanja wake.